Mbuzi anavuka Kobero, jibini yake je?

Mpishi wa Mushasha, mtaa wa Gitega wenye kanisa kuu la Christ-Roi, akitaka kuandaa saladi ya Kifaransa yenye vipande vya mkate na jibini moto ya mbuzi, hahangaiki kupata sehemu kubwa ya mahitaji yake. Majani ya saladi yanalimwa mabondeni. Nyanya zipo sokoni, bei ikipanda na kushuka kama kawaida yake. Mkate mrefu wa baguette, urithi wa enzi ya Mbelgiji uliobaki hata baada ya uhuru wa Julai 1, 1962, watu wa mjini wameuzoea kama chai. Mafuta ya alizeti ya Singida, vitunguu, asali ya Kibondo na chumvi ya Uvinza, ambayo ilikuwa ikifika Burundi kabla hata ya kuwepo mpaka wa kuchora kwenye karatasi, vyote ni mizigo ambayo wasomaji wa gazeti hili wanaijua kwa uzito na kwa bei.

Mbuzi nao wapo. Wako kandokando ya barabara yote ya kutoka Muyinga kupitia Karusi mpaka Gitega, wamefungwa kamba kwenye miti ya migomba, na jioni wako kwenye makaa, kwenye vijiti vya brosheti. Ng'ombe na mbuzi wa Kagera na Kigoma wamekuwa wakivuka kwenda Burundi kwa miaka mingi, kwa njia ya halali na kwa njia ya panya.

Kinachokosekana ni jibini. Fromaji, kama wanavyoiita wengi wa Gitega na Bujumbura, ikiwa ni ya mbuzi basi aghalabu ni ile iliyosafiri kwa ndege kutoka Ulaya. Imelipiwa kwa fedha za kigeni ambazo Burundi inazitafuta kwa tochi, na imeangukia kwenye ushuru wa pamoja wa forodha ambao tangu Julai 1, 2022 umeweka bidhaa za maziwa kutoka nje ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kwenye kundi la asilimia 35. Kwa hiyo katika sahani moja, kitu ghali kuliko vyote ni kile kinachotoka kwa mnyama aliyefungwa nje ya dirisha la jikoni.

Hapo ndipo penye biashara, na hapo ndipo serikali za pande mbili za Kobero zinapokwama.

Kwanza sahani yenyewe, maana wengi wanaiogopa kwa jina tu. Saladi hii ni chakula cha kawaida cha mchana katika migahawa ya Ufaransa, wala si chakula cha wafalme. Kwa watu wanne zinatosha gramu 240 za jibini ya mbuzi, vipande vinane vya baguette vyenye unene wa kidole, majani ya saladi yaliyooshwa na kukaushwa kwa kitambaa, nyanya mbili, kitunguu kimoja kidogo na konzi ya karanga zilizokaangwa. Wafaransa hutumia jozi, lakini karanga za Muyinga hazina ubaya wowote. Mchuzi wake ni vijiko vitatu vya mafuta, kijiko kimoja cha siki au maji ya ndimu, haradali kidogo kwa anayeipata, chumvi na pilipili manga, vyote vikipigwa pamoja kwa uma mpaka vishikane.

Mkate unakaushwa kwanza upande mmoja kwenye moto. Kisha unageuzwa, kila kipande kinawekewa jibini ya gramu 30 hivi na tone la asali juu yake. Mwenye oveni anawasha moto wa juu kwa dakika tano au sita. Asiye na oveni anafanya kama wapishi wa mikate ya sufuria wafanyavyo tangu zamani: makaa machache chini, mengi juu ya mfuniko. Jibini ya mbuzi haitiririki wala kuvutika kama ile ya Masisi ambayo wafanyabiashara wa Goma na Gisenyi wanaijua. Inalainika, inavimba kidogo, pembeni inageuka rangi ya kahawia. Ikifika hapo inatolewa na kuwekwa juu ya majani yaliyokwisha kuchanganywa na mchuzi, na inaliwa papo hapo. Ikipoa, imeharibika nusu. Mwenye kutaka parachichi aongeze, hakuna atakayemshtaki.

Jibini hiyo nayo haihitaji kiwanda. Maziwa yanapashwa moto hadi nyuzi 63 na kushikiliwa hapo kwa dakika 30, yanapoozwa hadi nyuzi 22 hivi, yanatiwa kimea cha mtindi na matone machache ya dawa ya kugandishia, kisha yanaachwa siku nzima. Yakishaganda yanachujwa kwenye kitambaa au vikopo vyenye matundu kwa siku nyingine, na kutiwa chumvi. Gitega iko takriban mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na ubaridi wa chumba cha kawaida cha mji huo unakaribia sana joto linalotakiwa. Mtu wa Dar es Salaam angehitaji mashine kupata kile ambacho mtu wa Mushasha anakipata kwa kufungua dirisha.

Atakayesema kwamba mbuzi wa huku hatoi maziwa ana haki nusu. Mbuzi mdogo wa Afrika Mashariki ananyonyesha mtoto wake na kubakiza kikombe. Amefugwa kwa ajili ya nyama, mbolea na ada ya shule. Katika nchi ambayo heshima ya maziwa yote ilipewa ng'ombe, kumkamua mbuzi ni jambo ambalo wazee wengi wangelionea aibu. Lakini katika miaka ya 1980 mradi wa Wajerumani huko Ngozi, mkoa uliopakana na Muyinga, ulikuwa ukizalisha mbuzi chotara kwa madume ya Alpine. Kenya ilifuata njia hiyo hiyo miaka ya 1990 kwa mbuzi wa Alpine wa Kijerumani, na leo Chama cha Wafugaji wa Mbuzi wa Maziwa cha Kenya, chenye makao Nyeri, ni jina ambalo mnunuzi wa dume bora hawezi kuliruka. Tanzania ilichukua mbuzi wa Norway, na kwa msaada wa Chuo Kikuu cha Sokoine wakafika kwa wakulima wa Mgeta, kwenye milima ya Uluguru. Huko Mgeta watu ambao hawakuwa na desturi ya maziwa ya mbuzi walianza kuyanywa wenyewe na kuwapa watoto.

Mbuzi huyo wa Alpine ana jambo moja la kumfurahisha mfanyabiashara. Ndiye anayetoa maziwa ya Crottin de Chavignol, jibini ndogo ya duara inayowekwa kwenye saladi hii katika migahawa mingi ya Ufaransa. Chavignol ni kijiji kidogo cha mashamba ya mizabibu karibu na mto Loire. Mwaka 1976 Ufaransa iliipa jibini hiyo jina linalolindwa kisheria, kwamba asiyetoka eneo hilo na kufuata masharti yake haruhusiwi kulitumia. Hawana kiwanda kikubwa kuliko vya wenzao. Walichonacho ni mbuzi, desturi na sheria inayowalinda. Damu ya mbuzi huyo ilikwisha kufika Ngozi kabla wengi wa wanaovuka Kobero leo hawajazaliwa.

Hesabu yake si ya kutisha. Chotara anayelishwa vizuri anaweza kukamuliwa lita moja na nusu hadi tatu kwa siku. Kikundi chenye mbuzi kumi wanaokamuliwa kwa wastani wa lita mbili kinapata lita 20. Kilo moja ya jibini laini inahitaji lita tano hadi saba, kutegemea mafuta ya maziwa, kwa hiyo hapo pana karibu kilo tatu kwa siku, sawa na sahani 50 za saladi iliyoelezwa hapo juu. Hizo ni sahani nyingi kwa mji mmoja. Gitega ina hoteli, ina ofisi zilizohamia tangu ilipofanywa makao makuu ya kisiasa Januari 2019, ina wageni wa makumbusho ya taifa na wa kanisa, lakini haiwezi kula sahani 50 za jibini ya mbuzi kila siku ya Mungu. Bujumbura itachukua sehemu. Nyingine lazima itafute walaji Bukoba, Mwanza, Kigali na Bukavu. Na jibini iliyotengenezwa Ngara nayo itataka kufika Gitega. Bidhaa ya namna hii, yenye thamani kubwa na uzito mdogo, yenye walaji wachache waliotawanyika katika miji mingi, haiwezi kuishi ndani ya nchi moja.

Sasa fikiria mama anayetoka Ngara na sanduku la barafu lenye kilo 15. Kwenye forodha ya Kobero, ambako maofisa wa Tanzania na Burundi wanakaa kituo kimoja kwa anayeingia Burundi, mambo yanapaswa kuwa mepesi. Mzigo wake uko chini sana ya dola 2,000 za Marekani, kiwango ambacho mfumo uliorahisishwa wa biashara wa Jumuiya unamruhusu kutumia cheti rahisi cha uasili kinachotolewa hapo hapo mpakani, mradi bidhaa yake imo kwenye orodha. Burundi imo kwenye umoja wa forodha tangu Julai 2009, hivyo ushuru wa forodha ni sifuri. Hapa ndipo wengi huondoka wakidhani wamemaliza.

Hawajamaliza. Cheti cha uasili kinaondoa ushuru wa forodha peke yake. Hakiondoi kibali cha daktari wa mifugo, hakiondoi alama ya ubora, hakiondoi ada za mamlaka za maziwa na chakula. Kila dirisha lina karatasi yake na kila karatasi ina bei yake. Kiwanda kinachopeleka lori zima kinagawa gharama hizo kwa tani. Mama wa Ngara anazigawa kwa kilo 15, na barafu inayeyuka.

Historia ya hivi karibuni haimpi moyo. Mwaka 2018 Tanzania ilipandisha tozo ya kuingiza bidhaa za maziwa hadi Sh2,000 kwa kilo, bila kuwabagua wenzake wa Jumuiya na wageni wa mbali. Januari 2020 Kenya ilikamata maziwa ya Lato kutoka Uganda, na Machi 2023 ikasimamisha uingizaji wa maziwa ya unga. Kila mara sababu iliyotajwa ilikuwa ya kulinda wafugaji wa nyumbani au afya ya walaji. Kila mara viwanda vikubwa vilikuwa na mawakili, mabalozi na mawaziri wa kuvisemea. Mwenye sanduku la barafu hana hata mmoja.

Haki itendeke pia kwa maofisa. Jibini ya maziwa mabichi ya mbuzi ni hatari ya kweli. Brusela, ule ugonjwa unaomtupisha mbuzi mimba, unampata binadamu kwa maziwa yasiyopashwa moto na kumlaza kwa homa isiyoisha ambayo wengi huitibu kama malaria. Ofisa anayekataa jibini isiyo na alama yoyote, iliyofungwa kwenye mfuko wa nailoni, anafanya kazi yake. Wanaodai kwamba bidhaa za wadogo zipite tu kwa kuwa ni za wadogo wanawafanyia wadogo hao ubaya, maana mlaji mmoja akiugua Gitega, soko zima linakufa.

Kosa liko mahali pengine. Tangu mwaka 2006 Jumuiya ina sheria ya viwango, ubora, vipimo na upimaji, ambayo msingi wake ni kwamba alama ya ubora iliyotolewa na shirika la viwango la nchi moja itambuliwe na nchi nyingine. Alama ya TBS ya Tanzania ingepaswa kumtosha ofisa wa Burundi, na ile ya BBN ya Burundi ingepaswa kumtosha ofisa wa Tanzania. Sheria ipo. Ambacho hakipo ni njia ya kikundi cha mbuzi kumi kuipata alama hiyo bila kuuza mbuzi watano. Gharama ya ukaguzi wa jengo, ya vipimo vya maabara na ya safari ya kwenda kuvitafuta imepangwa kwa kipimo cha kiwanda.

Rekebisho lake linajulikana na halihitaji mkutano wa wakuu wa nchi. Mashirika ya viwango yanaweza kupokea maombi ya kikundi badala ya mtu mmoja mmoja, kwa chumba kimoja cha kutengenezea kinachokaguliwa mara kwa mara. Ada inaweza kupangwa kwa uzito unaotengenezwa. Daktari wa mifugo wa wilaya ya Ngara anaweza kutoa cheti cha afya ya kundi kinachodumu miezi kadhaa, kikatambuliwa Muyinga, badala ya kibali kipya kila safari. Na orodha ya bidhaa zinazopita kwa cheti rahisi ibandikwe ukutani Kobero na Kabanga kwa Kiswahili na Kirundi, jibini ikiwa imetajwa kwa jina. Hili la mwisho lingegharimu karatasi na gundi.

Kuna sababu nyingine ya kuharakisha, na wafanyabiashara wa mifugo hawahitaji kuelezwa. Mei 2022, homa ya Bonde la Ufa ilipozuka, Burundi ilisimamisha biashara na usafirishaji wa ng'ombe, mbuzi na kondoo. Aliyekuwa na fedha zake zote ndani ya mbuzi hai alibaki akiwalisha na kuwatazama. Maradhi ya namna hiyo yatarudi, hilo si jambo la kubishania. Mwenye kuuza mbuzi hai peke yake ana bidhaa moja inayoweza kufungiwa kwa tangazo la asubuhi moja. Mwenye kuuza pia jibini ya maziwa yaliyopashwa moto sawasawa, yenye cheti, ana hoja ya kupeleka mbele ya ofisa, na hata akikwama ana bidhaa inayoweza kukaa na kukomaa wiki kadhaa kwenye chumba cha baridi bila kula majani.

Wapo wanaocheka kwamba haya ni mambo ya Wazungu, kwamba mtu wa Muyinga hali saladi. Ni kweli kwamba ugali na maharage havitatoka mezani, na hakuna anayetaka vitoke. Lakini chapati haikuota Kagera na baguette haikuota Gitega. Tena mfanyabiashara hauzi anachokula yeye. Mkulima wa chai wa Teza na mkulima wa kahawa wa Ngozi wanalijua hilo kuliko mtu yeyote, na wamelipwa kidogo kwa miaka mingi kwa sababu wanauza mali ghafi na wengine wanaikaanga, wanaifunga na kuiwekea jina. Mbuzi aliye hai ni mali ghafi. Hata brosheti imemwongezea thamani mara moja tu, na kwa kumchinja.

Katika mikoa mitano mipya ya Burundi, Muyinga sasa imo ndani ya Buhumuza, na Gitega imebaki na jina lake. Kati ya Muyinga na Mushasha ya Gitega ni barabara ya Karusi yenye mbuzi waliofungwa kandokando. Kikundi kikitengeneza jibini Muyinga, sanduku lake la kwenda Gitega halitavuka mpaka wowote. Litakalovuka ni dume la Alpine kutoka Tanzania au Kenya, dawa ya kugandishia, vikopo vya kuchujia, kipimajoto na mteja wa Mwanza. Anayeleta hivyo vinne na kuondoka na jibini kwenye gari lile lile ndiye mfanyabiashara wa Kobero. Jumuiya ilimwahidi soko la pamoja kwa itifaki iliyoanza kazi Julai 1, 2010. Tangu hapo amepita madirishani na vitunguu, na mafuta, na mbuzi mwenyewe. Sanduku la barafu bado linaulizwa limetoka wapi.